Wavu Juu ya Jicho la Kweme

Tulivua viatu kwenye jiwe la mpakani, kama inavyotakiwa. Daktari Nkwimba, mtafiti wa maji aliyetumwa na taasisi, alivipanga vyake vizuri, ncha zikitazama msituni. Nikavigeuza. Nilimweleza kwamba viatu havielekezwi kwenye maji, vinaelekezwa nyumbani, ili mwenyewe arudi. Hakucheka. Akageuza na vya Togolani, mwanangu, ambaye ni mzaliwa wa hapa na alipaswa kujua.

Kisha nikatoa kibuyu. Kila anayeingia msitu wa Kweme anapiga funda moja la maji, anayatema chini, anasema, "Sina neno na mtu." Wazee wetu walikuwa wakiwataja na mababu hapo. Sisi tuliobatizwa tunasali kwanza, tunamwomba Mwenye maji ruhusa, lakini neno la kusema limebaki lilelile. Kama una neno na mtu, hata kama ni wifi yako aliyekusema msibani, unabaki pale jiweni na viatu. Hakuna anayekupima. Unajipima mwenyewe.

Daktari alitema taratibu, akasema. Togolani, wavu ukiwa begani, alitema na kusema huku ameshapiga hatua. Nilimwona.

Mimi nilitangulia. Kwenye msitu ule anatangulia mwanamke wa ukoo aliyekoma kuzaa, na tangu mama mkwe alale kaburini, nimekuwa mimi. Njia yenyewe si njia, ni mahali ambapo kangaga zimekubali kulala kidogo. Mbega walikaa juu wakitutazama, mikia yao myeupe imening'inia kama taulo zilizoanikwa. Mikweme imepanda hadi vichwani mwa miti mirefu ya mikulo, na matunda yake yanakaa huko juu mazito kuliko kichwa cha mtoto, kwa hiyo ukipita chini yake unapita kwa adabu. Mbegu zake ndizo tunazowapikia waliojifungua, maziwa yajae. Nilipomnyonyesha Togolani nilizila hadi nikazichoka.

Daktari aliuliza mbona hasikii maji. Nikamwambia asimame atulie. Maji ya Kweme hayasikiki kwanza kwa sikio, yanasikika kwa nyayo. Alisimama, akafumba macho, na baada ya kitambo uso wake ukabadilika.

Jicho lenyewe, pale maji yanapotokea ardhini, liko chini ya mwamba mweusi, upana wake kama nyungo mbili. Ukichungulia unaona mchanga ukiruka chini kwa chini, kama uji unaoanza kuchemka, ila hakuna moto. Yale maji si mageni duniani. Kule juu kabisa kuna shimo tunaloliita Mmezo, ambako mlima unameza mvua, na mvua hiyo inatembea ndani ya mwamba miaka ishirini na zaidi ndipo ituone. Sisi tunakunywa mvua ya zamani, iliyonyesha kabla ya wachunga mawingu. Siku hizi mawingu yanaswagwa kwa droni kwenda tambarare, yakanyeshe kwa zamu juu ya miji, na sisi wa mlimani tunayatazama yakipita kama ng'ombe wa jirani. Kilichomo ndani ya mwamba ndicho hicho. Hakiongezeki.

Na miaka hiyo ishirini na zaidi iliyopita, mtu aliyekaa kwenye mdomo wa Mmezo alikuwa mume wangu, Mbonea.

Taasisi ya Daktari ilikuwa imemwajiri kumwaga punje. Zilikuwa vitu vidogo, sawa na mbegu za uwele, na watu wetu waliziita hivyo hivyo, uwele. Kazi yake ilikuwa kuzitia kwenye maji yanayomezwa, kidogo kidogo, msimu hadi msimu, ili siku zikitokea chini zioneshe maji yalipopita. Za manjano zilimwagwa vuli, nyekundu masika. Mwaka ule masika yalifunga njia, Mbonea akashikwa na kichomi kambini, na tulipofika alikuwa tayari amefunikwa blanketi. Togolani alikuwa bado hajajua kukaa.

Hakuna aliyetuambia, wala taasisi yenyewe haikujua hadi zilipotokea za kwanza mahali pengine, kwamba uwele ulikuwa ukisikia. Kila punje ilishika sauti iliyokuwa karibu nayo kabla ya kuzama, ikaifunga ndani kama kweme inavyofunga mafuta.

Makubaliano ya ukoo na taasisi yalikuwa kwamba mkono usio wetu hautaweka wala kutoa kitu kwenye jicho. Basi wavu wa kunasa punje tukauweka sisi, Togolani upande wa kulia, mimi wa kushoto. Ulikuwa mwembamba kama ukungu, nyuzi hazionekani hadi zilowane. Na kwetu mkono uliofunga ndio unaofungua. Ndivyo tunavyofanya hata kwenye ndiva, bwawa letu la zamu lililo chini ya msitu. Aliyeziba jioni ndiye anayezibua asubuhi, ili lawama isitafute mwenyewe.

*

Mashine ya Daktari ilisoma njia ya punje bila shida. Sauti haikuweza. Ilipojaribu ilipata mvumo tu, kama wa mtungi mtupu. Sauti inataka joto la mtu. Unaibandika punje nyuma ya sikio, juu ya mfupa, inayeyuka polepole, na wewe peke yako ndiye unayesikia. Ni mara moja. Baada ya hapo unabaki unga kidogo wa kupangusa kwa kidole.

Niliomba sana kabla ya kukubali. Wafu wamelala, hawana neno. Nimeamini hivyo toka ujana wangu na nitalala nikiamini hivyo. Wifi yangu Nanzia, dada yake Mbonea, alikuwa akinitania kwamba nimegeuka mganga wa kuamsha marehemu, na kwamba mzee wa kanisa akisikia atanitoa kwenye kwaya, jambo ambalo kwaya italipokea kwa shukrani. Lakini niliwaza nikaona kwamba asemaye ndani ya punje si marehemu. Ni mtu mzima wa siku ile, mwenye njaa na baridi yake. Sauti yake imechelewa njiani tu.

Nikainamisha kichwa. Daktari akabandika ya manjano.

Kwanza ilikuja mvua ya rasharasha juu ya bati. Kisha kikohozi, na kabla hajasema lolote nilikuwa nimeshamjua, maana kikohozi cha mtu uliyelala naye huwezi kukisahau. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na vifaranga:

"Haya, shukeni polepole, msisukumane. Mkitokea kwetu mtamkuta mama mmoja mfupi, mkali. Mwambieni mahindi ya shamba la juu asiyavune mabichi. Najua atayavuna."

Akacheka kidogo. Mvua ikaendelea, ikafifia, ikaisha.

Nilikuwa nimeyavuna. Mwaka ule niliyachoma karibu yote, kwa uchu wa mwanamke anayenyonyesha. Nikacheka, na machozi yakaja katikati ya kicheko, na Togolani amesimama mbele yangu akiutazama uso wangu kama mtu anayetazama nyumba yenye taa kutoka barabarani.

Zamu yake ilifuata. Alipewa punje ya manjano pia. Alipofumbua macho alisema amesikia vyura. Siku nyingine alisikia viatu kwenye tope. Siku nyingine mvua, na mvua tena. Mara moja alisikia mtu kweli, akashika mkono wangu kwa nguvu, lakini alikuwa mwenzake Mbonea wa kambini akiulizia chumvi. Togolani alisema hayo kwa utulivu, huku akipangusa unga nyuma ya sikio. Chumvi ameisikia, baba hajamsikia.

Punje nyekundu, za masika yale ya mwisho, haikuwa imetoka hata moja. Wote wawili tulizisubiri. Hatukuambiana.

*

Ijumaa moja asubuhi Nanzia alipanda kutoka mashambani, jembe begani, akatukuta kwenye jiwe la viatu. Alisema zamu yake ya jana haikufika hata nusu ya shamba. Ndiva haijai. Maharage yanakunja majani mchana, na watu wameanza kuuliza nani amelikanyaga jicho. Nilimwambia apige funda aingie aone mwenyewe. Akakaa chini.

"Mimi nina neno na nyinyi wote watatu," alisema. "Kwa hiyo nakaa hapa na viatu."

Tulimwacha akiwa ametoa kiazi kitamu kwenye khanga.

Jichoni, mchanga ulikuwa ukiruka kwa uvivu. Niliinama nikatazama chini ya wavu, nikaona kitu cheupe kimejazana, nikadhani ni povu. Haikuwa povu. Walikuwa uduvi wa Kweme. Ni wadogo, weupe kama kucha, hawana macho. Sisi tulijua tu kwamba hawaliwi. Daktari ndiye aliyetufundisha wanachofanya. Wanaishi ndani kabisa ya mwamba na kula ukoga unaoziba mishipa ya maji. Wakati wa baridi majike wanatoka hadi kwenye jicho, wanataga pembeni palipo na mwanga, kisha wanarudi kinyume cha mkondo kuendelea na kazi. Sasa walikuwa wamefika mlangoni wakaukuta umefungwa. Wengi walikuwa wamekufa, matumbo yao yamejaa mayai, miili yao imeuziba wavu. Walio hai walikuwa wakigonga nyuzi, wanarudi nyuma, wanagonga tena.

Daktari Nkwimba alisimama, miguu yake ndani ya tope. Kisha akazungumza bila kututazama. Alisema ramani yake ilikamilika zamani, kwenye punje za mwanzo. Alikuwa akiwaandikia wakubwa wake kwamba bado, bado kidogo.

"Kazi yangu imeisha, mama," alisema. "Wavu huu uko kwa ajili yenu."

Niliyasikia maneno yale kwenye nyayo, kama maji. Yaani hapakuwa na taasisi ya kulaumu, wala tambarare, wala wachunga mawingu. Palikuwa na mjane anayetaka kumsikia mumewe na kijana anayetaka kumsikia baba yake, na jicho la watu wote limefunikwa kwa ajili yao.

Nilimwambia Togolani ashike upande wake.

Hakushika. Alisimama mikono imeanguka, na mtu mzima yule, ndevu hizo, nikamwona vile alivyokuwa akisimama mlangoni nikimnyima kitu.

"Mama, wewe umemsikia."

Nikasema ndiyo.

"Amekusemesha. Amekutania. Mimi nimepewa vyura." Akaunyooshea wavu kidole. "Nyekundu ziko njiani. Labda kesho. Labda leo jioni."

Moyo wangu nao ulikuwa ukisema hayo hayo, kwa sauti kubwa kuliko yake. Ni nani aliyetaka nyekundu kuliko mimi? Kila mwaka masika yakianza huwa najiuliza alimwita nani, au alinyamaza tu.

Togolani alitazama mikono yake, akatazama maji. Halafu akageuka akaanza kurudi njia ile ile. Alikuwa na neno na mtu, na mtu mwenyewe ni mimi, na alijua mahali pa mtu wa namna hiyo.

*

Tulimkuta amekaa karibu na Nanzia, viatu vyao katikati yao. Daktari alininong'oneza akiuliza kama hatuwezi kuutoa wavu wenyewe, mimi na wifi. Nikamwambia mkono uliofunga ndio unaofungua. Akauliza, je, kijana akisema tu lile neno, hata kama halijamtoka moyoni? Nilimwambia angeweza. Midomo ni yake. Lakini mimi siwezi kumtuma mwanangu aende kwenye maji ya watu na uongo mdomoni, na sitaki kuinua wavu ule na mtu ambaye kesho atasema mama alininyang'anya baba.

Basi tukakaa. Uduvi walikuwa wakifa kule ndani na mimi nimekaa. Niliomba kwa ndani, maneno machache tu. Ilikuwa Ijumaa, na kwetu jua likizama Sabato imeingia. Baada ya hapo mikono inapumzika, na wavu ungelala juu ya jicho hadi kesho jioni.

Nanzia ndiye aliyeanza. Alimenya kiazi, akampa Togolani nusu, akasema kwa sauti yake ile ya kukwaruza:

"Kaka yangu alizungumza na uwele kwa kukosa watu. Wewe watu unao. Tumekaa hapa wawili, wanene, wenye midomo. Umewahi kutuuliza nini?"

Togolani alisema alidhani mama hapendi kuulizwa.

Nanzia alisema mama hapendi mambo mengi, na kuoga maji baridi ni mojawapo, ila huwa anaoga.

Ndipo mwanangu akanigeukia, kiazi mkononi, akauliza baba alikuwa anaongeaje.

Nikamwambia. Mwanzoni yalitoka machache, kama ndiva inayozibuliwa ikiwa na takataka. Kwamba alikuwa akikohoa kabla ya kusema jambo lolote, hata kuomba maji. Kwamba alikuwa akinung'unika akivaa viatu, akiviuliza vimelala wapi. Nanzia akaongeza kwamba alikuwa hawezi kuimba, ni ugonjwa wa nyumba nzima, ila mbinja yake, yaani mluzi, ilijulikana hadi mabondeni. Siku ya zamu yetu akizibua ndiva alikuwa akipiga mbinja kuwaarifu wa chini. Ilipanda, ikakatika katikati kama iliyomezwa, kisha ikatokea tena chini, nzito. Ilikuwa kwa sababu ya jino lililovunjika. Wengi walijaribu kuiga, wakatoa mate tu. Togolani aliniomba nimwoneshe. Nilimwambia mimi sijui hata mbinja ya kuitia mbwa. Nanzia akajaribu. Kilichotoka hatukukitaja tena.

Tulicheka. Daktari naye alicheka, kwa haya, kama mgeni aliyekuta familia inakula.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mikulo. Togolani alimaliza kiazi, akapangusa mikono kwenye suruali. Alichukua kibuyu, akapiga funda, akalishikilia mdomoni kitambo kirefu. Tulimtazama. Akalitema.

"Sina neno na mtu," alisema, na safari hii alikuwa hajapiga hatua.

Nanzia akanyoosha mkono, akadai kibuyu. Alisema na yeye la kwake limeisha, limemchosha.

*

Tuliinua wavu, yeye kulia, mimi kushoto. Uduvi waliobaki hai walitawanyika pembeni mara moja, kila mmoja na mzigo wake wa mayai. Mchanga uliruka, ukatulia, ukaruka tena kwa nguvu. Nanzia alisimama nyuma yetu akisema taratibu, asante, asante, sijui alikuwa akimwambia nani, nadhani Mungu.

Wakati wa kukunja, Togolani alisimama. Kwenye pindo la wavu, upande wake, kulikuwa na punje moja. Hakuniita. Aliitoa kwa ncha ya kucha, akaiweka kiganjani, akanyoosha kiganja mbele yangu.

Ilikuwa nyekundu.

"Hii ni yako, mama," alisema. "Ni ya masika."

Niliichukua. Haikuwa na uzito wowote. Nimebeba kuni, nimebeba mtoto, nimebeba jeneza upande wa kichwani, sijawahi kubeba kitu kizito vile. Ndani yake palikuwa na mvua ile iliyofunga njia. Labda palikuwa na jina langu. Labda palikuwa na mvua peke yake. Nilisogeza mkono hadi karibu na sikio, nakiri, hadi nikausikia ubaridi wake kwenye ngozi.

Kisha nikakigeuza kichwa cha mwanangu, kama nilivyokuwa nikimgeuza nikimsafisha masikio, nikaibandika nyuma ya sikio lake.

Nilienda kukaa mbali, kwenye mwamba, mahali maji yanapopiga kelele. Nilitazama mbega wakipanda kulala. Sikugeuka. Aliponifuata baadaye uso wake ulikuwa umelowa, na alinipa mkono kunishusha, na alikuwa mwangalifu sana na mawe. Sikumuuliza. Tulipofika kwenye viatu, jua lilizama, Sabato ikaingia, nasi tukashuka, kila mtu na la kwake.

Jumapili ilikuwa zamu yetu. Ndiva ilikuwa imejaa hadi kwenye jiwe la alama, na watu walikuwa wamesimama mashambani, majembe mikononi, wakingoja. Mimi nilikuwa shamba la juu. Nilimwona Togolani akiinama kwenye tundu, akivuta kizibo, maji yakitoka na povu lake la kwanza. Akajinyoosha. Akaweka vidole mdomoni.

Mbinja ilipanda. Ikakatika katikati, kama iliyomezwa. Kisha ikatokea tena chini, nzito, ikateremka bonde zima.

Kule chini Nanzia aliacha jembe lianguke. Hakuna aliyemfundisha kijana yule, na meno yake yote ni mazima.

Nilisimama hadi ilipoisha. Maji yalikuwa yamefika miguuni pangu, baridi, na ndani yake najua zilikuwemo nyingine nyingi, za manjano na nyekundu, zikipita na maneno ambayo sitayasikia. Nikainama nikazifungulia mfereji. Mahindi ya shamba la juu yalikuwa yameanza kuweka punje, mabichi, matamu, ya kuchoma.

Niliyaacha.